Umemaliza mionzi ya tezi dume: mwongozo wa miezi na miaka inayofuata

Mashine hufanya kazi yake kwa wiki chache. Kwa ratiba ndefu ni siku tano kwa wiki, wiki saba au nane. Kwa ratiba fupi inayozidi kutumika ni vipindi 20, yaani wiki nne. Mwili unahitaji muda mrefu kuliko huo. Seli za saratani zilizopigwa hazifi palepale, hufa kidogo kidogo kila zinapojaribu kugawanyika. Majirani wa tezi dume, yaani kibofu kilicho juu yake na puru iliyo nyuma yake, nao huendelea kulalamika hata baada ya mgonjwa kurudi kwake.

Na anaporudi, wengi wana miaka mingi mbele. Utafiti wa ProtecT wa Uingereza, uliowafuata wanaume 1,643 waliogunduliwa mapema, ulitoa matokeo ya miaka 15 mwaka 2023: takriban watu 3 kati ya 100 ndio waliokufa kwa saratani hiyo, awe aliyefanyiwa upasuaji, aliyepigwa mionzi au aliyefuatiliwa tu. Kwetu wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umekomaa, kwa hiyo hesabu hiyo haituhusu yote. Lakini swali linabaki lilelile: miaka hiyo mzee ataiishi vipi?

Nimeandika nikimfikiria mzee aliyetibiwa Ocean Road, Bugando au Kenyatta kisha akarudi Songea, Kigoma au Kitui, ambako tabibu wa zahanati ya karibu huenda hajawahi kumhudumia mtu aliyetoka kwenye mionzi. Nimemfikiria pia yule anayeishi naye.

Kabla ya yote, ondoeni hofu moja nyumbani. Aliyepigwa mionzi ya nje, ile ya kulala mezani na mashine kumzunguka, hana mionzi mwilini. Ni kama mwanga wa tochi: ukizimwa, haubaki ukutani. Wajukuu awapakate, sahani zisitengwe, na mama asihamie chumba kingine. Wanaopewa masharti ya kukaa mbali kidogo na watoto wadogo na wajawazito ni wale waliopandikizwa mbegu za mionzi ndani ya tezi, na hao huelezwa na hospitali.

Hatua ya 1: Usiondoke bila karatasi

Omba muhtasari wa matibabu ulioandikwa, hata kama umeambiwa kila kitu kiko kwenye mfumo. Mfumo wa hospitali ya rufaa hauonekani kwenye zahanati ya kijijini. Karatasi iwe na PSA ya kabla ya tiba (kipimo cha damu cha tezi dume), alama ya Gleason (ukali wa seli za saratani), hatua ya ugonjwa, eneo lililopigwa (tezi peke yake au pamoja na mitoki ya nyonga), dozi kwa Gray (kizio cha kupimia mionzi) na idadi ya vipindi. Kama unachomwa sindano za homoni, iandikwe jina la dawa, tarehe ya kwanza na tarehe inayotarajiwa kuwa ya mwisho. Piga picha kwa simu, uwatumie watoto wawili, maana simu hupotea.

Halafu chukua kalamu, juu ya bahasha andika kwa herufi kubwa: NIMEPIGWA MIONZI YA NYONGA. MSICHUKUE KIPANDE CHA NYAMA CHA KUPIMA (BIOPSY) KWENYE UKUTA WA MBELE WA PURU BILA KUWASILIANA NA DAKTARI WA MIONZI.

Hili watu hawaambiwi vya kutosha. Miaka miwili mitatu baadaye mzee anaona damu chooni, anapelekwa kupimwa kwa kamera, na daktari asiye na habari za mionzi anaona pamekuwa pekundu, anachukua kinyama akapime. Nyama iliyopigwa mionzi hupona kwa shida. Pakidonda, panaweza kutoboka njia kati ya puru na kibofu au njia ya mkojo, na kuiziba njia hiyo ni kazi kubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Kamera si tatizo. Tatizo ni kukata pasipo sababu ya msingi.

Hatua ya 2: Vuka wiki za mwanzo

Usishangae ukijisikia vibaya zaidi wiki moja au mbili baada ya kumaliza kuliko ulivyokuwa katikati ya tiba. Ndivyo ilivyo. Kwa wengi hali hutulia ndani ya wiki sita hadi nane, wengine miezi mitatu.

Mkojo ndio unaosumbua zaidi: kubanwa ghafla, kuwaka, kuamka usiku, mkondo mwembamba. Wazee wengi hujitibu kwa kuacha kunywa maji, na hapo ndipo wanapoongeza moto, kwa sababu mkojo uliokolea huwasha zaidi. Kunywa lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, sehemu kubwa kabla ya magharibi, baada ya hapo lainisha koo tu. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo afuate kipimo cha daktari wake. Punguza kahawa, chai ya rangi iliyokolea, soda, pombe na pilipili. Kumkataza mzee wa Mwambao kahawa ya barazani ni kumtenga na wenzake, kwa hiyo mwache akae, apokee kikombe kimoja, cha pili akipitishe kwa jirani. Akipewa tamsulosini ya kulegeza njia ya mkojo, ainuke kitandani taratibu, kwani dawa hiyo huweza kuleta kizunguzungu.

Tumbo likilegea, weka kando kwa muda maharage, dengu, kabichi, maziwa na vyakula vya mafuta mengi. Wali, viazi, ndizi, uji laini, mayai na samaki wa kuchemsha havisumbui. Choo kikiwa cha maji mara nyingi, kunywa maji ya chumvichumvi ya ORS. Ikitulia, rudisha mboga na maharage kidogo kidogo, kwa sababu choo kigumu cha kujikamua nacho huchubua puru. Na tafadhali, hakuna kuingiza kitu njia ya haja kubwa: si bomba la maji, si mitishamba, si dawa ya bawasiri ya kununua, mpaka daktari wa mionzi aseme.

Ngozi ya nyonga ioshwe kwa maji ya kawaida na sabuni isiyo kali, na msimkande kwa maji ya moto. Uchovu ni wa kweli, si uvivu. Alale kidogo mchana, lakini atembee kila siku, hata kama ni kwenda msikitini na kurudi.

Safari ya kurudi nyumbani ipangwe. Basi la Dar kwenda Mbeya halisimami kila unapotaka kuchimba dawa. Kateni siti ya kando ya njia, karibu na mlango, na mwambieni kondakta kabla gari halijaondoka. Akiambiwa mapema kwa heshima, mara nyingi husaidia. Anayeelekea Dodoma apande treni ya SGR, ina choo. Pakieni suruali ya akiba na pedi za watu wazima mbili tatu.

Hatua ya 3: Daftari, na namna ya kuzungumza kliniki

Hapa ndipo ninapoona huduma nyingi ikimwagika, na si kwa uhaba wa dawa. Sikiliza kliniki ilivyo:

“Shikamoo mzee.”
“Marahaba mwanangu.”
“Unaendeleaje?”
“Namshukuru Mungu.”
“Mkojo unatoka vizuri?”
“Si haba.”
“Choo?”
“Salama tu, daktari.”

Faili linafungwa, tarehe nyingine inaandikwa. Kila alilosema mzee ni adabu njema, na hakuna hata moja linaloweza kutibiwa. Mzee huyohuyo usiku huamka mara tano, na ndani ya suruali amekunja kipande cha kanga ya mkewe. Daktari ana umri wa mwanawe wa mwisho. Ataanzaje kumwambia hayo?

Basi asiseme, aandike. Daftari la shule la kurasa 40 linatosha. Wiki moja kabla ya kliniki, kila siku mstari mmoja: “Jumanne. Usiku mara 4. Mkojo unaanza kwa kusukuma. Umenivuja njiani mara 1. Choo mara 3, makamasi. Damu hakuna.” Akifika, salamu ziishe kwenye salamu, kisha amkabidhi daktari daftari wazi kwenye ukurasa huo. Hakuna daktari nitakayemwamini ambaye atalisukuma pembeni.

Aombe pia dodoso la IPSS. Lina maswali saba ya mkojo, kila moja alama 0 hadi 5. Jumla ya 0 hadi 7 ni shida ndogo, 8 hadi 19 ya wastani, 20 hadi 35 kubwa. Kuna la nane lisilojumlishwa, nami naliona ndilo lenye uzito: ungeambiwa utaishi maisha yako yote na mkojo wa namna hii, ungejisikiaje? Dereva wa lori la Tunduma na mstaafu anayeshinda uani wanaweza kupata alama zilezile 12, lakini maisha yaliyoharibika si sawa. Tiba ipangwe kwa kuangalia majibu yote mawili.

Nani amsindikize? Si binti, na si mkwe, hata kama ndiye mwenye gari. Mkwe abaki nje kwenye benchi. Mbele yake mzee hatatamka neno mkojo, sembuse la chumbani. Mke anafaa, ndugu wa rika lake anafaa, na mjukuu mkubwa wa kiume anafaa kupita wote, kwa sababu babu na mjukuu wana utani na wanaweza kuambiana yasiyoambika.

Hatua ya 4: Isome PSA bila kihoro

Aliyeondolewa tezi kwa upasuaji hutarajiwa PSA yake ishuke karibu na sifuri ndani ya wiki chache. Aliyepigwa mionzi tezi yake bado ipo, kwa hiyo PSA hushuka polepole, na inaweza kuchukua mwaka mmoja na nusu au zaidi kufika chini kabisa. Kipimo cha kwanza kwa kawaida ni kama miezi mitatu baada ya tiba. Baadaye hupimwa kila miezi mitatu hadi sita, halafu kila miezi sita mpaka mwaka wa tano, kisha mara moja kwa mwaka. Kupima kila mwezi ni kununua presha.

Kinachowatoa watu roho ni mruko. Kwa baadhi ya wagonjwa, mara nyingi kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, PSA hupanda kidogo halafu hushuka yenyewe. Ndiyo maana wataalamu hawaiti saratani imerudi kwa sababu ya namba moja iliyopanda. Kigezo kinachotumika, kiitwacho Phoenix, ni PSA kupanda kwa 2 juu ya kiwango cha chini kabisa ilichowahi kufika. Tuseme mzee alifika 0.4. Akipata 0.9, kisha 0.7, hapo ni kufuatilia. Akipata 2.4 au zaidi, daktari atarudia kipimo na kuanza kutafuta sababu. Aliyekuwa kwenye homoni akiacha sindano, homoni ya kiume ikirudi PSA nayo hupanda kiasi, na hilo halipaswi kumshtua mtu.

Ili namba iwe ya kuaminika, pima maabara ileile kila mara. Siku mbili kabla, usiendeshe baiskeli na usikutane na mkeo. Kama una maambukizi ya mkojo au umewekewa mpira hivi karibuni, sema, kwani hayo peke yake hupandisha PSA. Andika namba zote ukurasa wa mwisho wa daftari, pamoja na tarehe, ili daktari mpya aone mwelekeo. Na majibu yasipelekwe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kabla daktari hajayasoma. Kabla ya jioni kutakuwa na shangazi analia na mtu anauza mizizi.

Hatua ya 5: Kama uko kwenye homoni

Wengi hupigwa mionzi pamoja na dawa za kuzima homoni ya kiume, kwa miezi sita au hadi miaka miwili mitatu kulingana na ukali wa ugonjwa. Goserelini, kwa mfano, huchomwa kila siku 28 au kila wiki 12 kutegemea kipimo. Tarehe hizo zisichezewe. Dawa ikiadimika, anza kuulizia wiki mbili kabla. Wapo pia walioondolewa korodani, hao hawahitaji sindano.

Madhara mengi ambayo familia huyalaumu kwenye mionzi hutoka huku: joto la ghafla na jasho la usiku, matiti kujaa, misuli kulegea, kitambi, mifupa kupungua uimara, sukari na presha kupanda, na huzuni. Mzee aliyekuwa mkali akianza kulia mbele ya taarifa ya habari, hajarogwa. Mwambieni daktari, yapo ya kufanya.

Kwa misuli na mifupa, dawa nzuri haina bei: dakika 150 za kutembea kwa haraka kwa wiki, na mara mbili kwa wiki kunyanyua uzito. Dumu la lita tano lenye maji linatosha, na kusimama na kukaa kwenye kiti mara kumi bila kushika. Dagaa wanaoliwa na miiba yao wana madini ya chokaa kwa wingi. Sukari, presha na uzito vipimwe kila kliniki. Na sigara aache. Huongeza madhara ya mionzi kwenye kibofu na pia hatari ya saratani ya kibofu chenyewe.

Hatua ya 6: Mambo ya chumbani

Nguvu za kiume baada ya mionzi hazikatiki siku moja. Hupungua taratibu kwa miaka miwili hadi mitano, hata mzee akadhani ni umri tu. Manii hupungua au hukauka kabisa, na uwezo wa kuzaa mara nyingi hupotea. Raha yenyewe inaweza kubaki. Saratani haiambukizwi kwa tendo la ndoa, na mke aambiwe hivyo na daktari, asiachwe akisie.

Uliza mapema, maana sildenafili na tadalafili huwasaidia wengi, hasa wakianza kabla hali haijazorota. Ila kama unatumia dawa ya kifua ya jamii ya naitreti, ile ya kuweka chini ya ulimi, usiziguse: presha inaweza kuporomoka na kuua. Kwa sababu hiyohiyo achana na vumbi la Kongo na vikopo vya barabarani. Hakuna anayejua kilichosagwa humo.

Hatua ya 7: Madhara yanayokuja kwa kuchelewa

Baada ya miezi sita, hata baada ya miaka, mishipa midogo ya damu ya puru na kibofu inaweza kudhoofika. Damu kidogo nyekundu kwenye choo, au mkojo wenye rangi ya chai ya rangi, si lazima iwe saratani imerudi, na si lazima iwe bawasiri. Nenda na bahasha yako. Mara nyingi hutulia kwa kulainisha choo tu. Ikiendelea, ipo namna ya kuunguza mishipa inayovuja kwa kamera. Mkondo wa mkojo ukizidi kuwa mwembamba mwezi hadi mwezi, njia inaweza kuwa imeziba kwa kovu, na kupanuliwa mapema ni rahisi kuliko usiku wa manane.

Kwa mkojo unaovuja, fanya mazoezi ya sakafu ya nyonga. Kaza kama unayezuia upepo usitoke, bila kubana pumzi wala makalio, hesabu mpaka tano, legeza, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Yape miezi mitatu.

Kwa Mwislamu, mkojo usiokatika si sababu ya kuacha msikiti. Fiqhi imemtazama mtu huyo: hujisafisha, hujifunga, hutawadha wakati wa swala ukiingia, kisha huswali. Maelezo kamili amuulize imamu wake, naye atayajua. Kuhusu saumu ya Ramadhani, azungumze na daktari kwanza, hasa ndani ya miezi ya mwanzo, kwa sababu ya yale maji.

Yasiyosubiri tarehe ya kliniki

Mkojo kuziba kabisa. Mabonge ya damu kwenye mkojo. Damu ya haja kubwa isiyokoma au inayoambatana na kizunguzungu. Homa ya kutetemeka pamoja na mkojo unaouma. Haya ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo, iwe Jumapili au sikukuu.

La mwisho linapotezwa sana kwa sababu linafanana na uzee: maumivu mapya ya mgongo yanayozidi usiku, kisha miguu kuwa mizito au kufa ganzi, au kutosikia mkojo na choo vinapotoka. Saratani inaweza kuwa imefika kwenye uti wa mgongo na inakandamiza neva. Msimpeleke kwa fundi wa kunyoosha viungo. Mlazeni, msimpakie kwenye bodaboda, tafuteni gari, na mkifika mapokezi semeni maneno haya manne kabla ya mengine yote: saratani, tezi dume, miguu, leo. Anayetibiwa akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea. Aliyekwisha kupooza, nafasi hiyo hupungua kwa kila saa inayopita.